Sura ya Tano: Kilo za Mtoto, Kilo za Baiskeli

Mtoto wa darasa la pili mwenye afya ya kawaida ana kilo 23 hivi. Baiskeli mpya ya inchi 20 inayoning'inia mlangoni mwa duka, ile yenye shokapu na vigurudumu viwili vya kuegemea, mara nyingi hufika kilo 13 au 14. Piga hesabu: baiskeli imefika asilimia 60 ya uzito wa anayeiendesha. Mtu mzima wa kilo 75 akitaka kuonja hali hiyo apande chombo cha kilo 45, karibu mfuko mzima wa saruji. Hakuna mtu mzima anayekubali kuuziwa kitu hicho. Phoenix yenyewe, ile nyeusi ya inchi 28 iliyobeba mkaa, maziwa na wagonjwa vijijini kwetu, na ambayo kila mtu anaiita nzito, ina kilo 20 hivi.

Halafu tunashangaa. Mtoto alililia baiskeli mwaka mzima, akanunuliwa, akaizungusha wiki mbili, sasa imeegeshwa nyuma ya nyumba na kuku wanalala juu ya siti. Baba anasema watoto wa siku hizi hawana shukrani. Mtoto hana la kusema, kwa sababu hajawahi kupanda nyingine ya kulinganisha nayo. Yeye anajua tu kwamba kwenye kile kimlima cha kurudi nyumbani anashuka na kusukuma, na kusukuma nako ni kazi.

Mtazame anapoanguka. Anainuka, anakung'uta mchanga, anashika usukani kwa mikono miwili na kuvuta. Gurudumu la mbele linageuka, pedali inamgonga kwenye muundi, baiskeli inalala tena chini. Anavuta mara ya pili, sasa machozi yako karibu. Kuanguka hakukumuumiza. Kilichomshinda ni kuinua. Uzito unamfuata pia anapoanza kuondoka, anapofunga breki, anapokata kona kwenye mchanga, na kama mnakaa ghorofani, unamfuata mpaka kwenye ngazi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi, gia, hata bei, uliza kilo. Kipimo ninachokitumia ni kwamba baiskeli isizidi asilimia 40 ya uzito wa mtoto. Kwa huyu wa kilo 23 hiyo ni kilo 9 na ushei. Kuipata si rahisi, hasa kwa watoto wa miaka 6 na 7 ambao wenyewe ni wepesi, na ukiikosa, kilo moja au mbili zaidi zinavumilika kama mnakaa mahali tambarare. Ikifika nusu ya uzito wake, mimi naiacha dukani.

Muuzaji hatakuwa na jibu. Kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu kuna idadi ya gia na jina la baiskeli, uzito haumo. Usigombane naye. Kama una mizani ya bafuni nyumbani, panda ukiwa umeibeba baiskeli, kisha panda mwenyewe, toa. Sokoni, tafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Ile mizani yake ya kuning'iniza inapima baiskeli sawasawa na inavyopima mabati, na kwa mia chache atakupimia hata tatu.

Ukishajua kilo, tazama matairi. Hapo baiskeli ina deni kubwa kwa mtoto mmoja wa Belfast. Mwaka 1887 baba yake, John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo, alimwona mwanawe akirushwarushwa na baiskeli yake ya miguu mitatu yenye matairi ya mpira mgumu. Akatengeneza tyubu, akaijaza hewa, akaifunga kwenye gurudumu. Mwaka uliofuata akapewa hataza, na haikuchukua muda waendesha baiskeli wa mashindano nao wakahamia kwenye hewa. Tairi tunalotumia leo, la baiskeli hadi la lori, lilianzia kwenye kichombo cha kuchezea cha mtoto. Sasa angalia baiskeli ndogo zinazouzwa siku hizi kwa sifa ya "haipati pancha". Ni matairi yasiyo na hewa, ya mpira mtupu au ya sponji ngumu. Pancha hayapati kweli, lakini hayashiki barabara, na kila kijiwe kinafika mgongoni. Mtoto amerudishwa kabla ya Dunlop. Kama mnakaa kwenye miiba, Dodoma au Singida, jifunze kuziba pancha, au mpe fundi kazi yake. Hewa haina mbadala.

Turudi kwenye uzito. Kwa miaka mingi waliotengeneza baiskeli za watoto walichukua ya mtu mzima, wakaikatakata mabomba, wakaacha mengine yote kama yalivyo: unene ule ule wa chuma, mkono wa pedali mrefu, breki za kiganja cha mwanamume. Aliyegeuza kulirekebisha kosa hili kuwa biashara ni Mwingereza Isla Rowntree, bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli za matopeni. Katikati ya miaka ya 2000 alianzisha kampuni yake, Islabikes, huko Shropshire, akaanza kubuni upya kila kipande kwa mwili wa mtoto: mkono mfupi wa pedali, breki ya vidole vifupi, usukani mwembamba, siti ndogo. Baiskeli zake za inchi 20 zilikuwa na kilo 8 hivi. Ziliuzwa ghali, wazazi wakanung'unika, lakini walizinunua, kwa sababu mtoto akishakua ziliuzika tena kwa bei nzuri. Mwaka 2013 akina baba wawili wa Vienna wakaanzisha woom kwa wazo hilo hilo. Islabikes yenyewe ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha kutengeneza baiskeli mpya, ila somo lake lilikuwa limeshasambaa.

Na hata hizo za kilo 8, ukirudi kwenye hesabu yetu, kwa mtoto wa kilo 23 ni asilimia 35. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni kilo 26. Yaani hata baiskeli nyepesi kama hiyo, kwake bado ni nzito kuliko Phoenix ilivyo kwako. Ndiyo maana sioni kuwa wepesi ni anasa ya Wazungu.

Uzito wenyewe umejificha wapi? Wengi wanadhani uko kwenye fremu. Umo, lakini si wote. Anza mbele, kwenye shokapu. Shokapu ya baiskeli ya bei nafuu ni mabomba ya chuma na springi mbili zilizotengenezwa kwa mtu mzito, mtoto wa kilo 23 hawezi hata kuzibonyeza. Mwambie mwanao aweke mikono juu ya usukani na aegemee kwa nguvu zake zote; kama haikuzama, hiyo si shokapu, ni kilo moja na nusu ya mapambo. Ile yenye springi nyingine katikati ya fremu ni mbaya zaidi, maana kila akikanyaga, nguvu kidogo aliyonayo inaishia kwenye kunesanesa. Kisha tazama rimu, mikono ya pedali, usukani na bomba la siti. Vikiwa vyote vya chuma, umeshaongeza kilo mbili bila kugusa fremu.

Beba sumaku mfukoni, hata ile ya mlango wa friji. Alumini haishiki, chuma kinashika. Pitisha kwenye fremu, kwenye rimu, kwenye usukani. Wauzaji wengine watakwambia "hii aluminiamu tupu, dada", na sumaku itakaa kimya ikining'inia pale pale. Alumini ina karibu theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo ule ule, ingawa usitarajie fremu iwe nyepesi mara tatu, kwa sababu hailingani na chuma kwa ugumu na hivyo mabomba yake hunenepeshwa. Rimu za alumini ni jambo jingine: hapo faida unaipata mara mbili, kwanza kwenye mizani, na pili kwenye breki, kwa kuwa rimu ya chuma iliyong'arishwa ikilowa mvua breki huteleza juu yake.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havina haja ya kulisema. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa kuchomelea yeyote pale mtaani anaiunga kwa dakika kumi na inarudi barabarani. Ya alumini inahitaji mashine nyingine na mkono mwingine. Mashine ile ya kawaida ya mageti na madirisha itaitoboa. Kwa hiyo kwenye fremu ya alumini ya mtumba, angalia kwa makini pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani, na pale mabomba yanapokutana chini kwenye pedali. Rangi iliyopasuka kama uzi mwembamba kuzunguka weldi ni dalili ya kuiacha. Ukikaa mbali na mji, ambako hata tyubu inaagizwa, fremu nyembamba ya chuma yenye rimu za alumini ni chaguo ninalolipenda kuliko alumini tupu. Inaongeza nusu kilo hivi, na inaungika.

Halafu kuna ile kauli.

"Mama, chukua ya 24. Huyu anakua, mwakani utarudi tena."

Muuzaji anaisema kwa nia njema, na mama anaipokea kwa nia njema, kwa sababu ndivyo tunavyonunua sare na viatu. Shati kubwa linakunjwa mikono. Baiskeli kubwa haikunjwi. Mtoto wa miaka 7 kwenye inchi 24 hafiki chini kwa miguu, anajinyoosha kufikia usukani, na akitaka kusimama inabidi aruke. Anapata kilo mbili tatu za ziada, tena kwenye magurudumu, juu ya hofu. Miaka miwili ya kwanza, ambayo ndiyo ya kujifunza, anaipoteza akisubiri kukua. Najua, wengi wetu tulijifunza kwenye baiskeli ya baba, mguu umepitishwa chini ya bomba, mwili wote uko upande mmoja. Tulijifunza. Pia tuna makovu, na wale walioshindwa hawapo kwenye simulizi zetu kwa sababu waliacha.

Umri usikudanganye, watoto wa rika moja hupishana hata kwa kichwa kizima. Pima mguu. Mwambie avue viatu, asimame ameegemea ukuta, weka daftari gumu katikati ya miguu yake, lipandishe mpaka lifike juu kabisa, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari. Siti ikishushwa mwisho, kimo chake kutoka chini kisizidi kipimo hicho kama mtoto ndiyo anaanza: akae huku nyayo zote mbili zimelala chini. Aliyekwisha kujua anaweza kuinuliwa siti sentimita kadhaa, agusie kwa vidole. Na akisimama baiskeli ikiwa katikati ya miguu yake, bomba la fremu lisimguse. Kwa makadirio ya haraka, inchi 16 ni ya mtoto wa kimo cha sentimita 105 hadi 120, inchi 20 ni ya 115 hadi 135, na inchi 24 ya 130 hadi 150 hivi. Akiwa katikati ya saizi mbili, nachukua ndogo kwa anayeanza, na kubwa kwa mzoefu.

Tukiwa kwenye fremu: ile yenye bomba lililoteremshwa chini, ambayo wauzaji wanaiita ya kike, ni nzuri kwa kila mtoto. Inapandika na kushukika kwa urahisi, hasa kwa mwenye sketi ya shule, na mvulana ataizoea siku moja kama hakuna mtu mzima wa kumcheka. Kinga ya cheni nayo ibaki, hata kama ina gramu zake. Sketi au suruali ya shule ikishikwa na cheni, mtoto anakwenda chini.

Kwenye breki nitakaa kidogo, maana ndipo baiskeli nyingi za watoto zinapofeli na hakuna anayegundua. Mkalishe mtoto, mwambie ashike usukani kama anavyoshika siku zote, halafu afunge breki kwa vidole viwili. Wengi hawafiki. Wanaachia usukani ili wafikie mkono wa breki, na hapo wamepoteza mwelekeo wakati ule ule wanapouhitaji. Tazama upande wa ndani wa mkono wa breki, karibu na pale unaposhikana na usukani: mara nyingi kuna skrubu ndogo. Fundi akiikaza kwa bisibisi, mkono unasogea karibu na vidole, kisha atairekebisha waya. Ni kazi ya dakika mbili ambayo karibu hakuna duka linaloifanya bila kuombwa. Kama skrubu hiyo haipo, au mkono ni mgumu mpaka mtoto anauma meno, hesabu bei ya mikono mipya ya breki ndani ya bei ya baiskeli.

Jambo jingine la breki linahusu mtumba. Zinazotoka Uingereza na Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Zinazotoka Ujerumani au Uholanzi nyingi ni kinyume chake. Mtoto aliyezoea moja akipewa nyingine atafunga ya mbele akidhani ni ya nyuma. Kubadilisha ni kuhamisha waya tu, na wengi hawaulizi. Zile za Uholanzi na Ujerumani mara nyingi pia zina breki ya kurudisha pedali nyuma. Inafunga vizuri na haihitaji nguvu ya vidole, lakini mtoto hawezi kuizungusha pedali nyuma ili aiweke tayari kwa kuondoka, na habu yake ni nzito.

Gia nitazipita haraka. Chini ya miaka 8, gia moja inatosha kabisa, na kila gia isiyokuwepo ni waya mmoja usiokatika. Akikua na njia ikiwa ya milima, gia sita au saba za nyuma na duara moja la meno mbele. Ile "gia 21" iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni mzigo na vurugu. Sijaona mtoto anayetumia zaidi ya tatu. Na kofia ngumu inunuliwe siku ile ile inaponunuliwa baiskeli, ikae usawa juu ya paji la uso, isirudi kisogoni.

Kwenye mtumba, baada ya sumaku na mizani, legeza nati ya siti uone kama bomba lake linapanda na kushuka. Usikubali kuambiwa "litalegea tu". Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma, likikaa miaka bila grisi na kuonja chumvi, ya barabara za baridi kule lilikotoka au ya pwani yetu, hushikana mpaka nyundo haisaidii. Siti isiyopanda ina maana mtoto ana baiskeli ya mwaka mmoja. Kisha angalia valvu za tyubu. Za Japani hupokea pampu ya kawaida ya fundi wa mtaani, na zile nene kama za gari unajaza popote penye kompresa. Zile nyembamba ndefu za baiskeli za mashindano zitakusumbua usipokuwa na pampu yake. Mwisho zungusha magurudumu yote mawili, uone kama rimu inayumba, na bonyeza spoku mbilimbili kwa vidole.

Kama baiskeli nzito umeshaletewa, pengine na shangazi, na hakuna namna ya kuirudisha, bado kuna kilo za kutoa. Vigurudumu vya kuegemea ni karibu kilo moja pamoja na vyuma vyake. Stendi ya chuma, keria ambayo haitabeba kitu, kikapu cha plastiki, madigadi mazito wakati wa kiangazi: vyote vinatoka kwa spana moja. Fundi akipata foko ya kawaida ya kipimo hicho kwenye vyuma vyake vya zamani, mwambie aweke badala ya shokapu. Nimeona baiskeli ya inchi 20 ikishuka kwa zaidi ya kilo tatu namna hiyo, na mtoto akauliza kama ni mpya. Viakisi mwanga na kengele viache.

Vigurudumu vya kuegemea vikishatoka, usivirudishe wakati wa kumfundisha. Toa pedali. Spana namba 15, na kumbuka kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inalegea kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida unakaza. Wengi huharibu nyuzi hapo kwa kulazimisha. Shusha siti mpaka miguu ilale chini, mpeleke mahali penye mteremko mdogo usio na magari, mwache asukume kwa miguu mpaka aweze kuinyanyua yote miwili na kuteleza. Akiweza kufanya hivyo huku anageuka, rudisha pedali. Kwa baiskeli nyepesi kazi hii mara nyingi huisha ndani ya siku chache za likizo, na mgongo wako unapona, maana hakuna mtu wa kukimbia nyuma ameinama akishika siti.

Baada ya wiki ya kwanza ya kuendeshwa, irudishe kwa fundi hata kama haijaharibika. Mkono wa pedali wa kushoto ndio hulegea kwanza, na ukiachwa ulegee unakula tundu lake mpaka haukazwi tena. Nati za magurudumu, nati ya usukani, waya za breki ambazo huwa zimevutika, na spoku ambazo ndiyo zimekaa mahali pake: zote zikazwe siku hiyo. Mlipe vizuri, na mtoto awepo, ashike spana.